Pasipoti Iliyopigwa Pasi

Kila siku akirudi kutoka shule, msichana huyo alikuwa na kazi moja ya kufanya kabla hata hajavua sare: kusoma karatasi. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mara nyingi yuko safarini. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Mikono ya Mama haikuwa na nafasi ya kushika barua. Kwa hiyo barua za shule, matangazo ya kukatika kwa maji na maelezo ya dawa za Bibi, vyote viliwekwa mezani vikimsubiri. Alisoma kwa sauti, akafafanua maneno magumu, na Mama akaitikia kwa kichwa huku mguu ukiendelea kukanyaga.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Bibi ndiye aliyempachika jina la Wakili, na jina likamganda. Wateja wa Mama walimwita hivyo, wenzake darasani walimwita hivyo, na yeye mwenyewe alilipenda kuliko jina lake la daftarini.

Siku hiyo mezani palikuwa na bahasha moja tu, nene, yenye picha ya meli pembeni. Ilitoka kwa Mama Mdogo, mdogo wake Mama, ambaye alifanya kazi ya udobi katika meli ya kitalii. Kwa miaka minane alikuwa akifua na kunyoosha mashuka ya abiria. Sasa kampuni ilikuwa imempa zawadi: nafasi za ndugu watatu katika safari ya siku tano. Meli ingeondoka katika bandari ya mji wao, ingetia nanga siku moja katika bandari ya nchi jirani, kisha ingerudi palepale ilipoanzia.

Bibi alipiga makofi kama mtoto. "Hatimaye nitamwona mwanangu kazini! Miaka yote hii najiuliza, nguo zinaanikwa wapi humo baharini? Juu ya bomba la moshi?"

"Mama, tulia kwanza," Mama alisema akicheka. "Wakili, kuna karatasi ya masharti humo. Angalia, pasipoti inahitajika?"

Kwa neno hilo, mkono wa msichana uliishia mdomoni mwa bahasha.

Pasipoti walikuwa nazo, wote watatu. Walizipata mwaka uliotangulia, walipompeleka Bibi kufanyiwa upasuaji wa jicho nchi jirani. Mama alizihifadhi kabatini, katika mfuko mdogo wa kitambaa alioushona kwa ajili hiyo. Lakini miezi miwili iliyopita, rafiki yake mmoja darasani alikuwa amembishia kwamba hajawahi kuvuka mpaka wowote. Wakili hakuvumilia. Kesho yake aliichukua pasipoti yake kimyakimya, akaenda nayo shuleni, akaionyesha kwa madaha. Wakati wa kurudi, chupa ya maji ilifunguka ndani ya mkoba. Aliikuta pasipoti imelowa chapachapa.

Alifika nyumbani, Mama hayupo. Akawasha pasi ya kazi ya Mama, akaipiga pasi ile pasipoti kama anavyopiga kola ya shati. Ukurasa wa picha ulijikunja, ukatoa harufu mbaya, na uso wake ukavimba upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Tangu siku hiyo pasipoti ililala chini ya godoro lake, ndani ya daftari kuukuu la hesabu, na hakuna aliyejua.

"Wakili, umelala?" Mama aliuliza.

Aliikunjua karatasi. Aya ya kwanza ilisema kwamba, kwa kuwa safari inaanza na kuishia katika bandari moja, raia anaweza kupanda meli kwa kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno. Macho yake yalishuka kwenye aya ya pili: *Hata hivyo, abiria atakayeshuka katika bandari ya nchi ya pili kwa sababu yoyote, ikiwemo matibabu, ni lazima awe na pasipoti halali.*

Aliiruka aya hiyo. "Basi," alisema. "Pasipoti haihitajiki."

"Una hakika?"

"Imeandikwa hapa, Mama. Kitambulisho au cheti cha kuzaliwa kinatosha."

"Afadhali," Mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Basi zote zitabaki kabatini. Sitaki kwenda kuzipoteza baharini."

Msichana aliirudisha karatasi kwenye bahasha haraka. Alijiambia kwamba hakusema uongo, maana kila alichokisoma kilikuwa kimeandikwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Bibi alisimulia habari za meli kwa kila mteja aliyekuja kupimwa nguo. Mama alimshonea Bibi gauni la maua makubwa ya njano. Kila mara Mama alipofungua kabati, msichana aliacha kupumua. Usingizini aliiona pasipoti ikitoka chini ya godoro yenyewe, ikitembea sakafuni kuelekea chumba cha Mama.

"Huyu mtoto anaogopa bahari," Bibi alisema. "Usiogope, mjukuu wangu. Meli yenyewe kubwa kama hospitali."

Jumamosi, zikiwa zimebaki wiki mbili, Mama alimtuma mjini kupeleka fomu na nakala za vyeti katika ofisi ya wakala wa meli. Ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Karani alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Watatu? Haya." Karani alipekua karatasi, akasimama. "Sioni namba za pasipoti. Hamna pasipoti?"

"Tu—tunazo. Lakini hazihitajiki. Safari inarudi bandari ileile."

"Kupanda meli, hazihitajiki. Umesema kweli." Karani alivua miwani. "Lakini bibi yako ana miaka sabini na mmoja, na hapa mmeandika anatumia dawa za shinikizo la damu. Aya ya pili mliisoma?"

Msichana aliangalia fomu mezani.

"Ngoja nikwambie jambo. Mwaka juzi mzee mmoja alizidiwa katika bandari ile. Daktari wa meli akasema ashushwe, apelekwe hospitali. Hana pasipoti, na mkewe hana. Mgonjwa alipitishwa kwa kibali cha dharura, lakini baada ya saa tatu za kupigiana simu, yeye amelazwa kwenye machela pale gatini. Mkewe akazuiwa. Meli ikaondoka na mke, mgonjwa akabaki peke yake katika nchi ya watu. Na alipopona, kupanda ndege kurudi kwao ikawa kazi nyingine." Karani alivaa miwani tena. "Mzee alipona, tunashukuru. Lakini mwambie mama yako: kama pasipoti zipo, zisiachwe. Sawa?"

"Sawa," alijibu, akashuka ngazi.

Njiani hakuona magari wala watu. Alimwona Bibi na gauni lake la maua ya njano, amelala kwenye machela, akimwita Mama, na Mama amezuiliwa upande wa pili wa kizuizi cha bandari. Mpaka siku hiyo alikuwa ameogopa jambo moja tu, kugunduliwa. Sasa aliogopa jambo kubwa zaidi. Ule ukimya wake haukumficha yeye peke yake. Ulikuwa umezifungia kabatini pasipoti mbili nzima ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Alifika nyumbani, akasimama nje ya mlango. Cherehani ilikuwa ikilia ndani. Aliwaza kusema tu kwamba karani anataka pasipoti, na yake aseme imepotea. Ingekuwa rahisi. Angelia kidogo, Mama angeipekua nyumba nzima, kisha angemhurumia. Aligusa mlango, akarudisha mkono. Miguu ilikuwa inatetemeka.

Akaingia. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akainua godoro, akatoka na daftari la hesabu, akaliweka juu ya kitambaa ambacho Mama alikuwa anakishona.

Cherehani ikanyamaza.

Mama alilifungua daftari. Aliitazama pasipoti kwa muda mrefu, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye picha iliyovimba.

"Nani?"

"Mimi." Na maneno yakamwagika yote kwa pamoja: mabishano ya darasani, chupa, pasi, aya ya pili, mzee wa kwenye machela. Alipomaliza alikuwa analia kwa kwikwi. "Nilisoma nusu, Mama. Niliiona ile nyingine nikaiacha."

Mama hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliinuka, akaenda kusimama dirishani akiwa amempa mgongo.

"Kuharibika kwa kitu nakuelewa," alisema mwishowe, polepole. "Lakini mimi nilikuuliza, *una hakika?* Ukanitazama usoni."

Bibi alikuwa amesikia yote kutoka chumbani kwake. Alitoka akiburuta ndala, akaichukua pasipoti, akaisogeza karibu na jicho lake zima. "Umejipiga pasi uso, Wakili," alisema. Hakuna aliyecheka, lakini mkono wake ulikuja ukatua kichwani kwa msichana, na haukuondoka.

Jumatatu Mama alifunga kazi, wakaenda wote wawili katika ofisi ya uhamiaji. Foleni ilikuwa ndefu na viti vya chuma vilikuwa baridi. Afisa alikuwa mwanaume mnene mwenye sauti ya juu. Kila alipogonga muhuri, msichana aliruka.

"Hii imefanywa nini?" afisa aliuliza, akiishika pasipoti kwa ncha za vidole.

Msichana alimtazama Mama. Mama alitazama ukutani. "Mwenyewe yupo hapa," alisema. "Atakueleza."

"Ililowa maji," msichana alisema. "Kisha nikaipiga pasi."

"Ukaipiga nini?"

"Pasi."

Afisa alifumba macho kidogo, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Miaka kumi na tisa niko hapa! Zimekuja zilizotafunwa na mbuzi, zilizochorwa na watoto. Ya kupigwa pasi ndiyo kwanza." Akarudi kuwa mkali. "Sikiliza. Hii haifai tena. Ukienda nayo mpakani unaweza kudhaniwa umeichezea makusudi. Utaandika maelezo ya kweli, kama ulivyoniambia, na tutakutengenezea nyingine. Itachukua wiki tano."

"Tunasafiri baada ya wiki mbili," Mama alisema.

"Basi haitawahi. Ungekuja siku ileile ilipolowa, binti, leo ungekuwa na mpya mfukoni."

Walirudi kwa karani wa meli, na hapo mambo yakapangwa upya. Mama na Bibi wangebeba pasipoti zao. Msichana angepanda kwa cheti cha kuzaliwa, lakini asingekanyaga bandari ya nchi jirani. Karani aliwapa fomu nyingine: ikitokea dharura ya kumshusha Mama, mtoto angebaki melini mikononi mwa Mama Mdogo. Mama aliandika jina la mdogo wake, akatia sahihi. Mkono wake ulisita kidogo kabla ya kuandika, na msichana aliliona hilo.

Safari ilianza vizuri. Mama Mdogo alimtembeza Bibi chini kabisa, kwenye chumba cha udobi, ambako mashine kubwa kama vyumba zilinguruma mchana kutwa. Bibi alikagua mashine za kukaushia, akashika shuka lililotoka humo likiwa na joto, akatikisa kichwa. "Kumbe hakuna kamba!" Alikula, alicheka, alisinzia kwenye kiti akiwa amevaa gauni lake la njano. Hata msichana alianza kusahau hofu yake.

Siku ya tatu asubuhi, meli ikiwa imekwisha kutia nanga nchi jirani, Bibi aliweka kikombe chake mezani bila kunywa.

"Kifua kinanibana," alisema.

Uso wake ulikuwa wa majivu. Jasho lilimtoka na chumba kilikuwa na baridi. Mama aliinuka hadi kiti kikaanguka. Ndani ya dakika chache daktari wa meli, kijana mwenye maneno machache, alikuwa amepiga magoti mbele ya Bibi, akimpima.

"Ni moyo," alimwambia Mama pembeni, lakini msichana alisikia. "Hapa sina vifaa vya kutosha. Lazima ashuke sasa hivi. Mna pasipoti?"

"Tunazo," Mama alisema. Alikuwa tayari ameishika mkononi mfuko wa kitambaa.

Msichana alifuata machela mpaka kwenye ngazi ya kushukia. Chini gatini gari la wagonjwa lilikuwa limefungua milango. Afisa wa bandari alichukua vitabu viwili vidogo, akafungua, akalinganisha nyuso, akagonga muhuri mara mbili. Haikuchukua hata dakika tatu.

"Na huyu?" aliuliza.

"Huyu anabaki," Mama alisema.

"Mama, nataka kuja!" Alimshika gauni. "Bibi! Bibi!"

Bibi alijaribu kuinua mkono, ukaishia njiani. Mama aliinama, akamshika msichana uso kwa viganja vyote viwili. Viganja vilikuwa vya baridi. "Mama Mdogo yupo. Baba yako nitampigia simu akupokee. Niachie nimwangalie mama yangu."

Kisha akashuka. Milango ya gari ikafungwa. King'ora kililia, kikapungua, kikapotea mjini. Msichana alishika chuma cha ukingo wa meli mpaka vidole vikamuuma. Nchi ile ilikuwa hatua ishirini tu kutoka aliposimama, na hakuweza kuikanyaga.

Saa kumi alasiri meli iliondoka. Mama Mdogo alimpeleka udobini, akampa foronya za kukunja. Hakumwambia maneno ya kumtuliza. Aliyekuwa kwenye machela alikuwa mama yake pia. Wakimaliza rundo moja, Mama Mdogo alisogeza jingine.

"Mama Mdogo," msichana aliuliza, "Bibi atakufa?"

"Sijui, mwanangu."

"Kama ningenyamaza... kama pasipoti zao zingekuwa kabatini..."

Mama Mdogo aliacha kukunja. "Hazikuwa kabatini," alisema. "Shika foronya."

Baharini simu hazikushika. Siku mbili nzima hawakupata habari yoyote. Msichana alihesabu mapigo ya injini, akapoteza hesabu, akaanza upya. Meli ilipokaribia nyumbani, simu ya Mama Mdogo ilianza kulia mfululizo. Aliisoma, akaegemea ukuta, akateremka taratibu mpaka akaketi sakafuni. Msichana alidhani mambo yamekwisha.

"Yu hai," Mama Mdogo alisema, machozi yakimtiririka. "Wamemuwahi. Daktari anasema wamemuwahi."

Baba, ambaye kwa kawaida hakuwa nyumbani katikati ya wiki, alikuwa amesimama bandarini na nguo za kazi. Alimkumbatia binti yake bila kumuuliza chochote.

Bibi na Mama walirudi kwa ndege baada ya siku tisa. Bibi alikuwa amekonda, na alitembea akimshikilia Mama mkono, lakini alipoingia ndani jambo la kwanza alilosema ni kwamba mito ya hospitali ile ilikuwa migumu kama tofali, na kwamba mashuka yao hayakufika hata nusu ya yale ya mwanawe. Kila mtu alicheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe.

Baadaye, Bibi alipokwisha kulala mchana, Mama alimwita msichana jikoni, akafunga mlango.

"Nina maneno nataka kukwambia, na nitayasema mara moja," Mama alisema. "Ulinidanganya. Uongo wako ulikuwa wa aina mbaya, kwa sababu ulitumia maneno ya kweli. Ulisoma sehemu iliyokufaa wewe, ukanificha iliyotufaa sisi. Mtu anayewasomea wenzake ameshika maisha yao mkononi. Hilo sitaki ulisahau."

Msichana aliinamisha kichwa.

"Inua uso, sijamaliza. Daktari wa kule aliniambia bibi yako angechelewa saa moja tu, tungerudi naye ndani ya sanduku. Nilikaa kwenye benchi lile usiku na mchana nikifikiria siku uliponiletea lile daftari. Uliogopa?"

"Niliogopa sana, Mama."

"Najua. Nilikuona unatetemeka. Na ukasema hivyo hivyo. Kwa sababu ulisema, tukapata nafasi ya kujiandaa. Mimi nilishuka na mama yangu, wewe ukabaki na mtu wako. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie mapema ungali unatetemeka. Usingoje hofu iishe. Haiishi, inakua tu, na inakula muda ambao tungeutumia kutengeneza."

Akamvuta karibu. Msichana aliegemeza kichwa kifuani kwa mama yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi pumzi yake ilishuka mpaka chini, ikatulia.